Je, Kuiga ni Kusema Uongo?

Siku moja hapa Misugusugu nalitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu jinsi chombo cha angani kinavyogeuka mahali pasipo hewa wala kitu cha kukanyaga. Tulitundika kibao kwa kamba moja katika tawi la mwembe, mtoto mmoja akaketi juu yake, miguu yake isiguse chini, akashika gurudumu la baiskeli kwa ncha mbili za ekseli yake. Mwenzake akalizungusha kwa nguvu. Yule aliyeketi alipolilaza gurudumu, kibao nacho kikaanza kuzunguka upande ulio kinyume, wala hapana aliyekisukuma. Ndivyo zigeuzwavyo setilaiti nyingi: ndani yake mna magurudumu madogo yazungushwayo kwa umeme.

Watoto wakashangilia, lakini mmoja akaniuliza, “Mwalimu, huu si uongo? Hapa kamba ipo, na angani hakuna kamba.” Swali hilo lilinikosesha usingizi, nami leo napenda kulijibu mbele ya wasomaji.

Uongo ni nini? Kitu kutofanana kabisa na kingine si uongo. Uongo ni kutaka mtu asadiki yasiyo kweli. Hapana aitwaye mwongo kwa kuuchora mto Ruvu kwa wino, maadamu hamwambii mtu anywe ramani. Hata wataalamu wenyewe huiga. Hutengeneza meza iliyo sawa na laini mno, juu yake wakaweka chombo chenye vitako vinavyotoa hewa iliyoshindiliwa. Hewa hiyo hukiinua kwa nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele, kikateleza karibu bila kukwazwa, mithili ya chombo kielesacho angani. Maskini naye aweza kuionja kanuni ile ile: puto lililojaa hewa, na kizibo chenye tundu kilichogandishwa juu ya sidii kuukuu. Lakini juu ya meza hiyo chombo huenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, tena hujizungusha. Kupanda na kushuka hakiwezi. Mwenye kifaa akiuficha upungufu huo, hapo ndipo uongo uanzapo.

Tena kuiga kwa unyofu ni wajibu, kwa kuwa makosa yafanywayo juu ya meza hayamdhuru mtu. Mwezi wa Aprili 1970 chombo cha Apollo 13 kilipoharibika njiani kuelekea mwezini, wataalamu waliokuwa duniani walizijaribu njia za wokovu kwanza katika vyombo vya mazoezi, ndipo wakawapelekea wasafiri maagizo. Na wote watatu wakarudi salama. Hata setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyoachiliwa angani Mei 2018, ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 tu kila upande. Lakini kidogo namna hiyo nacho kikiisha kuachiliwa, hapana fundi awezaye kukifuata.

Wako wasemao, “Vifaa vya bei rahisi vyatuaibisha, heri tungoje vilivyo kamili.” Ndugu zangu, naogopa kungoja huko, maana nakujua. Miaka mingi naliandika kanuni za Newton ubaoni, watoto wakazinakili, wakazikariri, wakafaulu mtihani, nami nikasema, “Wamejua.” Hawakuwa wamejua, walikuwa wamekumbuka maneno. Kamba ya mwembe haikumdanganya mtu, kwa kuwa ilionekana na wote. Mimi nalidanganya, na hapana aliyeiona kamba yangu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu asiyekubali kuinama kuokota gurudumu kuukuu, huwainamisha wanafunzi wake juu ya maneno matupu.

Kwa hiyo yule mtoto nalimjibu hivi: “Mwanangu, umesema kweli, kamba ipo. Iandike katika daftari lako pamoja na yote uliyoyaona. Kisha tufikiri sote jinsi ya kuipunguza.”