Kazi Isiyo na Mwenyewe

Msomaji wa Mambrui asihangaike kuitafuta ofisi hii, maana haipo. Nimeiunda kwa mambo yanayotokea kila mahali penye kompyuta ya kukodi na kijana mmoja wa kuiangalia. Nimeiweka Mambrui, pwani ya Kenya, kwa sababu nilitaka mji wa watu wanaojuana, ambako tuhuma ikishatamkwa barazani baada ya magharibi haifutiki upesi.

Ofisi yenyewe ni ya ushirika wa wavuvi. Samaki wakiteremshwa hupimwa, uzito huandikwa daftarini, kisha mama mhasibu huuingiza kwenye seva iliyokodiwa ng'ambo. Seva hiyo ndiyo inayojua nani anadai kiasi gani. Ina nambari za simu na za vitambulisho vya wanachama wote, na kila alfajiri huwatumia ujumbe wa bei ya siku. Fundi aliyeipanga alipata kazi Doha, akaenda zake. Nafasi yake akapewa kijana aliyemaliza chuo karibuni.

Shida ilianza kwa ujumbe kuchelewa. Bei ya alfajiri ikawa inawafikia watu wakiwa wamekwisha kuuza. Kijana akaingia kwenye seva, akakuta programu moja, jina lake limefananishwa na majina ya kawaida ya mfumo, imekamata nguvu zote za mashine. Akaizima. Haikupita robo saa, ikaamka. Hapo alifanya la busara: akaenda kutazama ratiba.

Kompyuta za Linux zina programu iitwayo cron, na wengi wangali wanatumia iliyotokana na ile aliyoiandika Paul Vixie mwaka 1987. Kila dakika huamka, hupitia orodha iliyowekewa, na kazi ambayo wakati wake umefika huitekeleza. Haiulizi nani ameiandika wala kwa nini. Katika orodha hizo kijana alikuta kazi mbili asizozijua. Ya kwanza ilikuwa ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine: kila baada ya dakika 15, leta faili kutoka anwani fulani ya tarakimu tupu kwenye intaneti, kisha uiendeshe. Juu na chini ya mstari huo palikuwa na herufi za ovyo zisizosomeka. Ya pili ilikuwa chini ya jina la yule fundi wa Doha, kila siku saa 23:00.

"Mwenyekiti, saa tano za usiku huwa kuna nani hapa ofisini?"

"Saa tano? Hata paka hayumo, mwanangu."

"Basi yule bwana bado anaingia."

Dhana hiyo hakuitoa hewani. Alikuwa amesoma habari za Fannie Mae, shirika kubwa la mikopo ya nyumba la Marekani. Tarehe 24 Oktoba 2008 mhandisi wa mkataba, Rajendrasinh Makwana, aliachishwa kazi huko, na kabla ya kuondolewa ruhusa zake akapachika maagizo ya siri ndani ya programu ya kawaida. Maagizo hayo yangelala mpaka 31 Januari 2009, kisha yaanze kufuta data katika mashine za shirika zima. Mhandisi mwenzake aliyagundua tarehe 29 Oktoba, na Desemba 2010 mahakama ikamhukumu Makwana kifungo cha miezi 41. Kisa cha kweli, na ubaya wa visa vya kweli ni kwamba humpa msikilizaji jibu kabla hajauliza swali. Kijana alikumbuka fundi aliyeondoka kwa hila. Hakukumbuka kwamba kule walichunguza maagizo yenyewe, kumbukumbu za mashine na hata kompyuta ya mkononi ya Makwana, na kwamba hayo yote yalimwelekea mtu mmoja.

Basi akafuta akaunti ya fundi na kila kilichokuwamo. Akaifuta orodha ya root. Akabadilisha nywila. Mwenyekiti akaridhika, na kufikia kesho yake nusu ya mji ilikuwa imesikia kwamba fulani, aliyeko Qatar, anawaibia wavuvi. Mama yake huyo fulani akaacha kupita njia ya ofisini.

Ile kazi ya robo saa ilirudi siku iyo hiyo. Akaifuta, ikarudi. Akawa anafuta asubuhi na jioni, mpaka akachoka, akaifuta seva nzima ili aijenge upya. Kujenga upya si kosa. Mashine ambayo mgeni amewahi kushika mamlaka ya root haiaminiki tena, hata ukiipekua vipi. Lakini alipokwenda kwenye mashine ya pili kuchukua nakala za akiba, akakuta nakala ya mwisho ni ya usiku wa kuamkia siku aliyofuta akaunti ya fundi. Baada ya hapo hakuna kitu. Mama mhasibu akarudi kwenye madaftari yake yaliyolowa maji ya chumvi, akaanza kuingiza upya uzito wa changu na tafi, mstari kwa mstari, bila kumsemesha mtu.

Seva mpya ikawashwa, ikawekwa kila programu ya zamani. Siku ya pili, jua halijachwa, mstari ule wa dakika 15 ulikuwa umo tena, pamoja na herufi zake za ovyo.

Ndipo alipoitwa dada mmoja, fundi wa Malindi, mzaliwa wa Mambrui. Alipofika, kijana alikuwa tayari na kidole juu ya kitufe.

"Usifute."

"Nimeshafuta mara nyingi, dada."

"Ndiyo maana mpaka leo hujui kitu."

Akamkumbusha jambo la hapo hapo kwao. Mwaka 2010 waakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichimba Mambrui wakapata sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Sarafu hiyo ilizungumza kwa sababu waliandika ilikuwa tabaka gani la udongo na imelala pamoja na nini. Angeiokota mtu shambani, akaisugua, akaitia mfukoni, ingekuwa kipande cha shaba chenye tundu katikati. Na kijana alikuwa amesugua kwa siku nyingi: kila alipoifuta orodha, alifuta pia saa iliyoandikwa, mwenye faili, na zile herufi alizoziona uchafu.

Dada akaanza kwa kunakili faili pamoja na tarehe zake. Kisha akafungua kumbukumbu za cron. Mtu akibadilisha ratiba yake kwa njia ya kawaida, yaani kwa amri ya crontab, kumbukumbu huandika neno REPLACE pamoja na jina lake. Hapa REPLACE haikuwepo. Palikuwa na RELOAD peke yake, maana yake cron ilikuta faili limebadilika ikalisoma upya. Kwa hiyo hakuna aliyeandika ratiba kwa amri hiyo. Faili liliandikwa moja kwa moja kwenye diski, na programu nyingine iliyokuwa ikiendeshwa na root. Nusu ya safari ilikuwa imekwisha kwa kusoma maneno mawili.

Akatazama herufi za ovyo. Faili lilianza na herufi tano zilizosomeka vizuri kabisa: REDIS.

Redis ni hifadhidata nyepesi iliyoanzishwa mwaka 2009 na Salvatore Sanfilippo, Mwitaliano wa Sicily. Programu nyingi za kutuma ujumbe huitumia kupanga foleni. Yenyewe husikiliza kwenye mlango nambari 6379, na ilitungwa ikae ndani, izungumze na wenyeji tu. Novemba 2015 Sanfilippo mwenyewe alionyesha hadharani jinsi Redis iliyoachwa wazi inavyoweza kutumiwa kuandika faili popote kwenye mashine. Mgeni anaingia bila nywila, anaweka maneno anayoyataka, anaiambia Redis kwamba folda yake ya kuhifadhia sasa ni ile ya ratiba za cron na jina la faili ni root, kisha anaiamuru ihifadhi. Hifadhidata inajimwaga mahali pa ratiba. Kwenye mashine kama ile, cron inaruka takataka isizozielewa na kutekeleza mstari inaouelewa. Toleo 3.2 la mwaka 2016 liliongeza kinga: Redis isiyowekewa nywila ikatae maombi yanayotoka nje.

Kinga hiyo kwenye seva ya ushirika ilikuwa imezimwa, na Redis ilikuwa ikiendeshwa kwa mamlaka ya root.

"Nani ameizima?"

Kijana alinyamaza kidogo. Ni yeye. Alipoweka programu mpya ya ujumbe alitaka kuiona foleni akiwa nyumbani, ikakataa, akafuata maelekezo ya mtu asiyemjua yaliyosema zima hiki, washa kile. Alipoijenga seva upya alifuata maelekezo yale yale. Mlango ukawa wazi tena, na programu za wezi zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu mlango 6379 wa kila anwani zikaukuta. Wala hazikuwa zikiwatafuta wavuvi wa Mambrui. Zilitaka umeme na kichwa cha mashine ya mtu mwingine, zichimbe sarafu za kidijitali kama Monero kwa gharama yake.

Ikabaki kazi ya saa 23:00. Dada aliuliza swali moja tu: seva inafuata saa za wapi? Ilikuwa inafuata UTC. Kenya iko mbele kwa saa tatu, hivyo 23:00 ya seva ni saa nane za usiku Mambrui, wakati ambao fundi yeyote mwenye akili hupanga kunakili data. Kazi aliyoihukumu kuwa ya mwizi ndiyo iliyokuwa ikipeleka nakala za akiba kwenye mashine ya pili, na ilidumu miaka yote ile bila kukosa usiku hata mmoja. Lawama kidogo imwendee fundi wa Doha pia: hakuacha hata mstari mmoja wa maelezo, ingawa cron inakubali maelezo yoyote yanayoanza na alama ya #. Lakini kutoandika maelezo si wizi, na mji mzima ulikuwa umeambiwa ni wizi.

Si kila kazi usiyoitarajia ni ya adui, na nyingi huja na programu zenyewe. Ukikuta faili geni ndani ya /etc/cron.d, iulize mashine ni la kifurushi gani: rpm -qf kwa jamii ya Red Hat, dpkg -S kwa jamii ya Debian. Likiwa halina kifurushi, hapo ndipo pa kutulia. Cron nayo siyo peke yake. Kuna ratiba za systemd, ambazo wengi husahau kuzitazama kwa systemctl list-timers --all, na kazi za mara moja zinazoonekana kwa atq. WordPress ina ratiba yake, ambayo huamshwa na wageni wanaofungua tovuti, na hifadhidata kadhaa zina zake ndani kwa ndani. Anayekagua crontab -l ya root pekee amekagua chumba kimoja cha nyumba.

Ushirika uliijenga seva kwa mara ya tatu, Redis ikafungiwa ndani na kunyimwa mamlaka ya root. Mwenyekiti alimpigia simu fundi wa Doha, kisha akaenda kwa miguu nyumbani kwa mama yake, na hilo nadhani lilimgharimu kuliko seva.

Halikuishia hapo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu, zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipotambua. Taarifa hiyo hueleza kilichotokea. Mgeni aliyepata root angeweza kusoma kila nambari ya kitambulisho iliyokuwamo. Je, alizisoma? Kumbukumbu za seva ya kwanza ndizo zingejibu, na zilikuwa zimefutwa pamoja na seva yenyewe.