Kumlinda Mzee na Kumfungia Mzee

Miongoni mwa maswali ambayo maradhi ya UVIKO-19 yalituachia, liko moja ambalo halikutibiwa na chanjo wala halikwisha pale barakoa zilipovuliwa. Nalo ni hili: mtoto anapozuiwa kumwona mzazi wake mkongwe, kwa ajili ya uhai wa mzazi yule yule, je, huko ni kumtunza au ni kumtupa? Nakusudia kulitazama swali hili kutoka hapa Rusizi, ambako wazee wetu wangali wanakuita Cyangugu, kwa sababu hapa lilituuma kwa namna ya pekee.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza nchini Rwanda alitangazwa tarehe 14 Machi 2020. Wiki moja baadaye, tarehe 21, watu waliamriwa kubaki majumbani, na mipaka ikafungwa isipokuwa kwa mizigo na kwa raia waliokuwa wakirejea. Kwetu sisi, tunaouona mji wa Bukavu kwa macho ng'ambo ya mto, kufungwa kwa mpaka kulikuwa ni jamaa kukatwa vipande viwili. Mwezi Juni mwaka ule ule, wakati sehemu nyingi za nchi zilikuwa zimekwisha kulegezewa masharti, wilaya ya Rusizi ilifungiwa tena.

Katika wilaya hii imo mojawapo ya nyumba ziitwazo Impinganzima, zilizojengwa kwa juhudi za chama cha Unity Club Intwararumuri ili kuwatunza wazee waliofiwa na watoto wao wote katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mwalimu wa lugha hawezi kupita hapa bila kusimama kidogo. Hapo zamani mzazi wa namna hiyo aliitwa kwa Kinyarwanda incike, yaani aliyeondokewa na watoto wote. Jina hilo likaachwa, wakaitwa Intwaza, yaani wenye kukaza mwendo kwa ushujaa. Jina la kwanza lilitaja walichopoteza. La pili lataja walicho nacho. Tulinganishe na maneno "wazee wasiojiweza", yaliyozoeleka katika majina ya makao ya wazee nchini Tanzania. Kabla mgeni hajabisha hodi, amekwisha kuambiwa kwamba aliyemo ndani hawezi kitu. Na asiyeweza kitu, nani atamwuliza neno?

Wazee hawa hawana mtoto wa kuwazaa anayelala macho kwa ajili yao. Watoto wao ni wale wanaokuja kuwatazama: majirani, wanafunzi, vijana wa mitaani. Wahenga wa Kinyarwanda walisema: Ifuni ibagara ubucuti ni akarenge; yaani jembe la kupalilia urafiki ni mguu. Basi mwaka 2020 mguu ndio uliokatazwa. Hata tarehe 7 Aprili, siku ya kuanza kumbukumbu, taifa zima lilikumbuka likiwa majumbani, kwa redio na televisheni. Katika juma ambalo aliyefiwa na wote huhitaji mno mwenziwe wa kuketi naye, jembe lilikuwa limetundikwa ukutani.

Wako wanaosema kwamba jambo hilo halina mjadala: kinga ni bora kuliko tiba. Hoja yao si nyepesi. Mwezi Aprili 2020 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilieleza kwamba katika nchi kadhaa za bara hilo, hata kufikia nusu ya waliokufa kwa maradhi hayo walikuwa wakazi wa nyumba za kutunzia watu. Mgeni mmoja mwenye mapenzi angeweza kuingiza msiba katika vyumba ishirini.

Wako pia wanaojibu kwamba upweke nao ni maradhi. Ufaransa ilizuia watu kuwatembelea wazee katika nyumba hizo tarehe 11 Machi 2020, na tarehe 20 Aprili ikaruhusu tena kwa masharti makali, baada ya malalamiko mengi kwamba wazee walikuwa wakinyong'onyea kwa kukosa nyuso za watu wao.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinamsema mzee kama mzigo unaosubiri kuamuliwa mahali pa kuwekwa. Wasiwasi wa mtoto juu ya mzazi ni wa aina mbili. Uko unaotafuta heri ya mzazi, na uko unaotafuta utulivu wa moyo wa mtoto mwenyewe. Aina hizi mbili hufanana sana kwa sura. Bibi kizee mmoja wa mtaani kwetu aliwaambia wanawe waliokuwa wakimsemesha kutoka nje ya ua: "Nasikia mmeafikiana nyote nisitoke wala nisionwe. Ni vyema. Lakini mimi niliulizwa lini?" Swali hilo lingeweza kuulizwa katika kila nyumba ya wazee duniani. Twajivunia kusema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Mbona neno linalowahusu wazee wenyewe tulilikata bila wao?

Hapa msomaji atanipinga, na kwa haki: katika nyumba ya watu wengi, hiari ya mmoja yaweza kuwa kifo cha mwenziwe. Ni kweli. Kwa hiyo sisemi kila mzee afanye apendavyo. Nasema wakalishwe barazani, waelezwe hatari bila kufichwa, kisha waamue pamoja: mgeni mmoja kwa kila mzee, au kuonana uani kwa umbali, au kufunga kabisa kwa muda unaojulikana. Kufungiwa ambako mtu amekukubali na kujua mwisho wake ni subira. Asikoshauriwa ni kifungo. Na yule ambaye kumbukumbu zimemtoka, waulizwe wanaojua alichokipenda alipokuwa na akili zake.

Walimu wenzangu, vitenzi kulinda na kufungia twavifundisha kila mwaka, tukavitungia sentensi za mifugo na milango. Yafaa siku moja tuwape wanafunzi sentensi yenye mzee ndani yake, wabishane ni kitenzi kipi kinafaa. Maradhi mengine yatakuja, na watakaoamua wakati huo juu ya wazee ndio hao waliomo madarasani mwetu leo. Na wazee wenyewe tutakuwa sisi. Mwenye maoni mengine na ayalete, tujadiliane.