Ukikasirika, Kengeza Utaita Chongo

Wahenga walinena kwamba ukipenda chongo, utaita kengeza. Upande wa pili wa methali hii nao ni kweli: ukikasirika, hata kengeza utaita chongo.

Hebu tumtazame mume anayeingia nyumbani jioni akiwa na hasira, kwa sababu pesa za karo zimetumika bila yeye kuulizwa. Mkewe amempigia pasi shati la kesho, amemwekea maji ya kuoga na kumtengea chakula. Yeye anaona nini? Chumvi imezidi kwenye sukuma wiki. Hasemi uongo, chumvi imezidi kweli. Lakini ushahidi wake ni wa upande mmoja.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1980 ulionyesha kuwa wanandoa wasio na furaha hawakutambua karibu nusu ya mema waliyotendeana, ambayo watazamaji wa kando waliyaona.

Wengine hujitetea: "Mimi nikishafoka, yamekwisha." Sivyo. Katika jaribio lililochapishwa huko huko mwaka 2002, watu waliopiga gunia kwa ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa tu bila kufanya lolote. Wengine nao husema: "Mimi hunyamaza." Lakini anayenyamaza huku akilirudia kosa moyoni amefungua daftari, na kila siku atatafuta la kuandika humo. Mmoja ana kelele, mwingine hana. Macho yao yanatafuta kitu kile kile.

Je, kukasirika ni dhambi? La hasha. Hasira yaweza kutuamsha tuitetee haki, na suala la karo lazima lizungumzwe. Lakini haki hiyo hiyo yadai kwamba mwenzako asihukumiwe kwa kosa lake pekee. Hasira huja bila kualikwa. Kuendelea kuwinda makosa ni uamuzi wetu, nasi tutaulizwa juu yake.

Hatumwambii haya anayepigwa nyumbani mwake. Kipigo si kengeza. Huyo atafute usalama na msaada bila kukawia.

Kwa sisi wengine, kabla ya kusema lolote, tutaje moyoni mambo mawili mema ambayo mwenzetu ametenda siku hiyo. Kisha tuseme kosa lenyewe, moja tu: "Mama watoto, jambo la karo limeniumiza. Hebu niambie ilikuwaje." Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba upendo hauweki kumbukumbu ya mabaya. Hakusema upendo hauyaoni.

Swali la kujadili wawili jioni ya leo: Ni jema gani nililokutendea juma hili ambalo hukuliona?