Kikundi Kilichofunga Daftari la Ada

Kisa hiki hakina jina la kijiji wala la kikundi, kwa sababu ni vikundi kadhaa nilivyovikunja kuwa kimoja ili funzo lionekane. Tukiweke nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kwenye viazi na mahindi, ambako mume akifa mashemeji huanza kupima shamba kabla arobaini haijapita.

Wanawake 19 walianza kukutana kwa ajili ya mjane mmoja wa namna hiyo. Hawakuwa na katiba wala mhuri. Walikuwa na daftari la shule ambamo mweka hazina aliandika shilingi 500 za kila mmoja, kila Jumatatu. Zilipotosha nauli wakamtuma mjane mjini kwa msaidizi wa kisheria, naye akarudi na habari ambayo hakuna kiongozi aliyewahi kuitangaza pale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Na baraza la ardhi la kijiji linatakiwa kuwa na wajumbe 7, na kati yao 3 wawe wanawake. Baraza la kijiji kile lilikuwa na mwanamke mmoja tu.

Mkutano mkuu wa kijiji ulipoitwa, walikwenda wote 19 wakakaa mbele. Mwenyekiti alipotaka kufunga, bibi mmoja akasimama.

"Mwanangu mwenyekiti, bado hatujamaliza. Viti vyetu viwili viko wapi?"

Vikapatikana, baada ya kelele nyingi. Shamba la mjane nalo likabaki mikononi mwake.

Sifa zao zikafika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata wakapata ruzuku kutoka mfuko wa wanawake. Hapa wengi huchanganya mambo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, ni mkopo wa biashara: unanunua cherehani au vifaranga, kisha unarejesha. Mfuko wa wanawake haukopeshi. Unachangisha kwa watu binafsi, mashirika na serikali, kisha unagawa kwa vikundi vinavyodai haki, hasa vile vidogo ambavyo mfadhili mkubwa hawezi hata kuviona. Mama Cash ilianza Amsterdam mwaka 1983. Global Fund for Women ilianza California mwaka 1987, ikipokea maombi kwa lugha yoyote ile. Barani kwetu, African Women's Development Fund ilianzishwa Accra mwaka 2000 na wanawake watatu: Bisi Adeleye-Fayemi wa Nigeria, Joana Foster wa Ghana na Hilda Tadria wa Uganda. Urgent Action Fund-Africa ikafuata Nairobi mwaka 2001, na Mfuko wa Wanawake Tanzania mwaka 2008.

Haja ya mifuko hii ilikuwepo. Shirika la AWID lilipochunguza hali ya fedha za mashirika ya wanawake duniani, lilikuta kwamba mwaka 2010 nusu ya yaliyohojiwa yaliishi kwa dola 20,000 au chini ya hapo kwa mwaka mzima. Kuna semina za siku tatu, kwenye hoteli za kando ya ziwa, zinazomaliza fedha kama hizo kabla ya chakula cha mchana cha siku ya pili.

Ruzuku ile haikuwa kubwa, lakini haikufungwa kamba. Iliwalipia nauli ya kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, vocha za simu, na uji wa watoto siku za mikutano mirefu. Hakuna aliyewauliza wamefuga kuku wangapi. Waliulizwa walichokusudia kubadilisha na kilichobadilika.

Kosa, hata hivyo, lilianza papo hapo. Jumatatu ya kwanza baada ya fedha kuingia benki, katibu alisema kwa sauti ya mzaha, "Jamani, tuchange tena ya nini?" Wakacheka, daftari likafungwa. Mweka hazina alinung'unika, lakini nani amsikilize mtu anayedai shilingi 500 siku ya furaha? Na mfuko wenyewe, nausema wazi, haukuuliza kuhusu ada. Ripoti ilikuwa na nafasi ya kuandika fedha iliyotoka Dar es Salaam. Iliyotoka mifukoni mwa wanawake haikuwa na mstari wake.

Mwaka wa tatu likaja gari lenye nembo mlangoni. Ulikuwa mradi mkubwa wa fedha za Marekani, ukipitia shirika la mjini, wa kuwawezesha wanawake kiuchumi. Kikundi kilitakiwa kufundisha wanawake 600 kufuga kuku na kutengeneza sabuni ya maji. (Sijui ni nani aliyeamua kwamba ukombozi wa mwanamke wa kijijini lazima upitie kwenye ndoo ya sabuni, lakini nionyesheni mradi ambao haujaifundisha.) Mkutano ukahamishwa kutoka Jumatatu kwenda Alhamisi, siku ya gari. Kila anayehudhuria alisaini karatasi na kupokea posho ya shilingi 10,000. Katibu akawa mratibu. Wanachama wakafika 70, na mwenyekiti wa kijiji, yule yule aliyetakiwa viti, sasa alipiga nao picha akiwa amevaa fulana ya mradi.

Katika miezi hiyo alikuja mjane wa pili. Alisikilizwa, akapewa kiti na chai, kisha mratibu akamwambia, "Dada, pole sana, ila suala lako halimo kwenye bango kitita, jedwali la mradi." Alikuwa anasema kweli. Mkataba wa mradi ulitaka kuku na sabuni, na ulikataza kuingia kwenye migogoro ya kijiji. Shamba la mjane wa pili likauzwa.

Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa siku 90, na miradi mingi haikurudi tena. Gari halikuja Alhamisi ile wala iliyofuata. Wanachama 70 wakawa 30, kisha 11. Wale 11 wakajaribu kurudi kwenye Jumatatu yao, wakakuta daftari limeliwa na mchwa na wenzao wamezoea kulipwa ili waje. Mfuko wa wanawake haukuwa na la kufanya kwa haraka, kwa kuwa kikundi kilikwishaacha kuuandikia kilipopata mfadhili mkubwa.

Muda wa wajumbe wa baraza la ardhi ulipokwisha, mkutano mkuu ukaitwa. Mwenyekiti akaleta majina 7, na mwanamke alikuwa mmoja. Bibi yule yule akasimama na kuuliza viti. Safari hii nyuma yake walikuwa wanne, na majina yakapita kama yalivyoletwa.

Wapo watakaosoma haya na kusema heri kukataa ruzuku kabisa. Hapana. Wanawake 19 wasingeweza kulipa nauli za kesi za wilayani kwa shilingi 500, na anayewaambia wajitegemee hajawahi kulala stendi akisubiri basi la alfajiri kwa sababu shauri limeahirishwa. Fedha ya mfuko ilifanya kazi yake kwa sababu ilifuata ajenda iliyokuwepo. Fedha ya mradi ilikuja na ajenda yake, ikakuta mlango wazi, kwani ada, ambayo ndiyo ingewapa wenye kikundi sauti ya kukataa, ilikuwa imekwishaachwa.

Kwa mifuko ya wanawake, nina ombi moja: fomu zenu ziwe na mstari wa ada ya wanachama, na kikundi kisiadhibiwe kwa kuwa ada hiyo ni ndogo. Na kwenu mlio kwenye vikundi, Jumatatu ijayo mwulizeni mweka hazina mbele ya wote: ruzuku ikikatika leo, nauli ya mtu mmoja kwenda wilayani na kurudi tunayo? Akisema hapana, anzeni kuchanga siku hiyo hiyo.