Mchawi wa Kitabuni na Jirani wa Kasulu

Riwaya ya uchawi haina uzito mmoja kila inaposomwa. Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, iliyochapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1977, inasimulia habari za kijana msomi anayerithishwa uchawi wa baba yake. Msomaji wa mjini anaweza kuifunga, akazima taa, akalala. Ipelekwe Kibondo au Kasulu, katika nyanda za juu za Buha, na papo hapo swali linazuka: je, mwandishi ana haki ya kumtisha msomaji kwa jambo ambalo jirani wa msomaji huyo anaweza kuuawa kwalo?

Swali hili si la kubuni. Mwezi Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, Kasulu, watu 7 waliotuhumiwa uchawi waliuawa kwa moto. Watano kati yao walikuwa wamepindukia umri wa miaka 60. Watu 23 walishtakiwa kwa mauaji hayo.

Wasomaji wa riwaya za namna hii hugawanyika, na mgawanyiko wao haufuati elimu wala dini kama mtu angedhani. Yuko anayeona kwamba kila kitabu chenye mchawi ni kuni iliyoongezwa motoni. Yuko kijana anayemjibu kwamba hofu ya kitabuni ni mchezo, na kwamba waliowasha moto wa Murufiti hawakungoja kusoma riwaya. Yuko mcha Mungu, wa msikitini au wa kanisani, anayekumbusha kwamba sihiri imetajwa katika Maandiko: mwandishi akiikana amekosa, na akiipamba ili auze kitabu amekosa zaidi. Hoja hizi tatu zinafahamika, na kila moja ina kiasi chake cha ukweli.

Ya nne ndiyo nzito. Ni ya msomaji anayesema: hatimaye nimepata kitabu kisichonicheka. Huyu amechoka kuambiwa kwamba anachokiogopa ni ujinga wake. Nyanda hizi zinapakana na bonde la Kongo, mojawapo ya sehemu za dunia zinazopigwa radi kwa wingi kabisa, na kila msimu wa mvua watu huingia ndani wakiwa na mashaka. Mwanasayansi hueleza vizuri namna radi inavyopiga. Hamwelezi mama kwa nini imemchukua mwanawe ikamwacha wa jirani. Evans-Pritchard alikwisha kuliona jambo hilo kwa Wazande, akaliandika mwaka 1937: uchawi hujibu swali ambalo maarifa ya sababu hayaligusi. Basi riwaya inayolipa swali hilo heshima yake haina budi kupendwa na anayeishi nalo.

Waandishi wetu wa zamani walilikwepa kwa ustadi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa mwaka 1960, anatupeleka hadi mzimuni penyewe, anatutia baridi ya mifupa, kisha Bwana Msa na kiko chake anatuonyesha kwamba muuaji ni binadamu. Ben Mtobwa, mwana wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, aliita riwaya yake Salamu Kutoka Kuzimu, lakini anayemfungua msomaji macho humo ni mpelelezi Joram Kiango, si mganga. (Majina ya vitabu vya Mtobwa yanatisha kuliko mizimu mingi.) Njia hii ni salama, na ina adabu yake: inamfundisha msomaji kutafuta mkono wa mtu nyuma ya kivuli. Ila Murufiti nako walitafuta mkono wa mtu. Ndilo hasa walilolifanya. Palipokosekana si wazo kwamba nyuma ya msiba yuko mwenye kuutenda, palikosekana shaka.

Hapo ndipo pa kuupima ubaya wa riwaya ya kutisha, kama inao. Msimulizi wa riwaya ana jicho ambalo hakuna mwanadamu aliyepewa. Anapita ukuta wa udongo usiku wa manane, anamwona bibi kizee akivua nguo, anasikia anachonuia moyoni, na msomaji anaona pamoja naye. Ukurasa ukishafunuliwa, hakuna la kubishania: bibi ni mchawi. Nje ya kitabu hakuna anayeona hivyo. Lakini daima wapo wanaodai kuona. Mwaka 1935 Audrey Richards aliandika juu ya wamchapi, waliozunguka vijiji vya Rhodesia ya Kaskazini wakifichua wachawi. Mwaka 1968 Roy Willis akaandika juu ya kamchape wa Ufipa. Na jina hilo la kamchape halijawa geni Kigoma hata katika miaka hii. Mfichuaji huyu anauza jicho la msimulizi. Anamwambia mwenye msiba: mimi nimeona. Riwaya inayomzoesha msomaji utamu wa kujua kwa yakini nani mchawi inamfanyia mfichuaji kazi yake, hata kama mwandishi hakukusudia.

Sheria ya Uchawi iliyowekwa na Waingereza mwaka 1928 ililijua hili kwa namna yake. Haikumwadhibu tu anayejifanya mchawi. Ilimkataza pia mtu kumtaja mwenziwe kwa jina hilo mitaani. Mwandishi hutaja asiyekuwapo, kwa hiyo hana kesi. Lakini asiyekuwapo huyo ana macho mekundu, ana mvi, anaishi peke yake, na katika kila kijiji wapo wanaofanana naye.

Wa visiwani wasidhani habari hizi ni za bara tu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Na mjini Unguja mtu mmoja mgeni kutoka bara, asiye na akili timamu, alidhaniwa kuwa ndiye, akapigwa hadi kufa. Popobawa hakuwa na uso. Umati ulimtafutia uso, ukaupata kwa asiyeweza kujieleza.

Kwa kipimo hiki, Mirathi ya Hatari inastahili kutetewa, ingawa si kwa sababu inazotetewa kwa kawaida. Haiukani uchawi, wala haimsuti anayeuamini. Inachofanya ni kumweka msomaji mahali pasipozoeleka: badala ya kusimama nje ya nyumba na umati, yumo ndani pamoja na anayeubeba urithi, kijana ambaye mzigo umemkuta kwa kuzaliwa. Akishakaa humo kurasa nyingi, msomaji hawezi tena kumwona mrithi kama kitu. Mwalimu mwenye hofu ya kuni atajibu kwamba huruma ya kitabuni haijapata kuzima kiberiti, na kwamba kitabu hicho bado kinakiri kwamba mchawi yupo. Ni kweli, kinakiri. Lakini msomaji wa Kasulu hakungoja kitabu kimthibitishie hilo, na kitabu kinachoanza kwa kumwambia amepumbaa hatakifikisha ukurasa wa kumi. Anayetaka kumtia shaka huyo aanzie alipo.

Katika ubishi wote huu wanaosikika ni wanaosoma. Bibi wa miaka 70 anayekaa peke yake nje kidogo ya kijiji, ambaye ubishi huu unamhusu kuliko wote, aghalabu hajui kusoma, na hakuna aliyemuuliza. Mjukuu akimsomea jioni moja habari za mchawi wa kitabuni, huenda asiulize kama uchawi upo au haupo. Huenda akauliza yule mama ana watoto wangapi, wako wapi, na nani anayemchotea maji.