Namba ya Injini na Jina la Mtu

Wapiga picha wa reli za Uingereza wa miaka ya 1960 na 1970 walikuwa waangalifu mno katika maelezo. Nyuma ya picha, au katika daftari lililokwenda sambamba nayo, waliandika namba ya injini, aina yake, tarehe, treni ilikotoka na ilikokuwa ikielekea, pengine hata aina ya mabehewa na mzigo uliokuwamo. Hither Green, katika manispaa ya Lewisham kusini-mashariki mwa London, palikuwa na uwanja mkubwa wa kupangia mabehewa ya mizigo na karakana ya injini za dizeli. Picha za huko ni za namna hiyo hiyo: dizeli mbili zimesimama bega kwa bega, nyuma yake safu ya mabehewa ya makaa ya mawe, na chini imeandikwa namba ambayo hata leo mtu aweza kuitumia kufuatilia maisha ya injini ile tangu ilipotoka kiwandani hadi ilipokatwakatwa kuwa chuma chakavu. Mara kwa mara kuna mtu pembeni. Ameshika beleshi, au ameinamia gunia, au ameegemea behewa akingoja kamera imalize shughuli yake. Huyo hana namba wala jina. Akitajwa, ni "mfanyakazi" tu.

Je, mtu huyo amedhulumiwa? Hakupigwa, hakuibiwa, hakutukanwa. Ujira wake haukupungua hata senti kwa sababu jina lake halikuandikwa. Likiondolewa kwenye picha na kuwekwa peke yake, swali lenyewe ni hili: yawezekana mtu akakosewa kwa kutotazamwa tu?

Kabla ya kulijibu, yafaa kazi yenyewe ijulikane, kwa kuwa picha huionyesha nusu. Makaa yaliyopita Lewisham yalitoka kaskazini mwa nchi na vilevile katika migodi ya jimbo la Kent: Betteshanger, Snowdown, Tilmanstone na Chislet. Behewa la kawaida la chuma lilibeba tani 16. Katika yadi ndogo zilizokuwa kando ya stesheni nyingi za London, behewa lilisukumwa kwenye njia ya pembeni, mlango wake wa ubavuni ukafunguliwa, na kilichobaki kikawa shughuli ya beleshi na mgongo. Makaa yalitiwa magunia ya kilo 50 na ushei, yakapimwa kwenye mizani, yakapandishwa kwenye lori na kupelekwa nyumba kwa nyumba. Hesabu ni rahisi: behewa moja ni magunia 320, na kila moja huinuliwa zaidi ya mara moja kabla ya kufika kwenye ghala la mnunuzi. Anayeitazama picha huona behewa limesimama kimya. Magunia 320 hayaonekani.

Kazi hiyo ilikuwa ikifa wakati inapigwa picha. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956, iliyotungwa baada ya moshi mzito uliolifunika jiji mwezi Desemba 1952 na kuua maelfu, ilianza kuyafukuza makaa majumbani. Umeme na gesi vikafuata. Taarifa ya Richard Beeching ya mwaka 1963 ikapendekeza yadi ndogo zifungwe na makaa yakusanywe katika bohari chache kubwa zenye mitambo. Injini za mvuke za British Railways zilizimwa mwaka 1968, na hata dizeli zilizoshika nafasi zao, zikiwamo zile 98 zilizoundwa Smethwick, karibu na Birmingham, kati ya 1960 na 1962 ambazo Hither Green ilizifahamu sana, hazikukaa milele. Kila mwenye kamera alijua kwamba anakimbizana na wakati. Uangalifu wake katika namba ulikuwa, kwa kiasi fulani, namna ya kuomboleza.

Ndiyo maana hukumu ya haraka haifai. Ni rahisi kusema kwamba hapa mashine imependwa na mtu amedharauliwa, kisha kumaliza maneno. Lakini aliyeshika kamera mara nyingi hakuwa bwana wa kampuni wala wakala wa serikali. Aghalabu alikuwa kijana wa shule, ana filamu moja ya kumtosha mwezi mzima, amesimama darajani kwenye baridi bila kulipwa na mtu. Tena alikuwa na kitabu. Tangu mwaka 1942 mchapishaji Ian Allan alikuwa akitoa vijitabu vyenye orodha ya namba za injini zote, ili msomaji apige mstari chini ya kila aliyoiona kwa macho yake. Injini iliingia mbele ya kamera ikiwa tayari imeandikiwa nafasi yake. Iliyobaki ni kutambuliwa. Mwenye beleshi hakuwa na kijitabu cha namna hiyo. Kijana hakuamua kumsahau. Alirithi macho yaliyokwisha kufundishwa pa kutua, na macho ya kurithi ni ya kila mtu, hata ya wale wanaomlaumu leo.

Yawezekana basi kosa likarekebishwa kwa kumpa mwenye beleshi kitabu chake? Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki analo la kusema ambalo mpenzi wa reli wa Lewisham huenda halijui. Kenya ya kikoloni ilikuwa na kitabu cha namna hiyo. Sheria iliyotungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande. Ndani yake liliandikwa jina lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake, nacho kilitiwa katika kijaluba cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Vibarua wa reli walikuwa miongoni mwa waliokibeba. Hakuna aliyeandikwa kwa ukamilifu zaidi kuliko mtu huyo, na hakuna aliyeandikwa kwa heshima ndogo zaidi. Jina lake liliandikwa ili akiacha kazi bila ruhusa akamatwe na kurudishwa.

Hoja ya majina, kwa hiyo, haisimami peke yake. Kuandikwa si kuheshimiwa. Namba ya injini pale Hither Green iliandikwa kwa mapenzi yasiyotaka faida. Jina la kibarua lilipoandikwa kwenye kipande, iliandikwa faida isiyo na mapenzi. Mmoja alitazamwa bila kutakiwa kitu, mwingine alitazamwa kwa sababu ya alichotakiwa kutoa. Yaliyo mageni, ukiyafikiri, ni kwamba aliyepata mtazamo ule wa kwanza ni chuma.

Reli ya kwetu inalionyesha hilo kwa uwazi zaidi. Ilipojengwa kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Viktoria, kati ya 1896 na 1901, wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka India, na kiasi cha 2,500 kati yao walikufa. Wahindi walihesabiwa, kwa kuwa walikuwa na mikataba. Waafrika waliokufa kwenye ujenzi uleule hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo. Nusu karne baadaye, kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliiletea Afrika Mashariki injini 34 aina ya Garratt, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mojawapo, namba 5918, *Mount Gelai*, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na bamba la jina lake liko ubavuni. (Garratt hizo zilichoma mafuta wala si makaa. Kiswahili hakikujali: liliendelea kuwa gari la moshi, na hata dizeli ilipokuja lugha haikuona sababu ya kuubadilisha ushahidi wake.) Mlima ulipewa injini, injini ikapewa mlima. Madereva na wachochezi waliolala Voi na Makindu, wakaijua ile injini kwa sauti kabla hawajaiona, hawana bamba.

Kuna pingamizi moja ambalo lina uzito kuliko mengine. Nani kasema kwamba mwenye beleshi alitaka kutazamwa? Mtu aliyejaa vumbi hadi kwenye kope, saa nane mchana, ana magunia mia mbili mbele yake, huenda aliiona kamera kama usumbufu, au kama dhihaka. Injini haioni aibu. Haigeuzi uso. Huenda basi kijana wa darajani, alipoisogeza kamera ili mtu asiingie, alikuwa na adabu kuliko wapiga picha wa makoloni waliowapanga vibarua safu kwa safu na kuwaamuru watulie. Kuachwa ni haki vilevile. Lakini pingamizi hili linakanusha picha tu, halikanushi swali. Kumheshimu anayetaka kuachwa ni namna ya kumtazama, kwa kuwa ni lazima kwanza umwone kuwa ni mtu awezaye kukataa. Asiyemwona kabisa hajamwachia chochote.

Na kwa kweli reli ya Uingereza ilikuwa na njia mbili za kumwingiza mtu kwenye kumbukumbu zake, zote mbili mbaya. Ya kwanza ilikuwa dhuluma inapokuwa kubwa kiasi cha kutangazwa. Mzungu wa yadi ya makaa alirudi nyumbani mweusi, akaoga. Asquith Xavier, mzaliwa wa Dominica, hakuwa na hiari hiyo. Mwaka 1966 alinyimwa kazi ya ugadi katika stesheni ya Euston kwa sababu ya rangi yake, habari zikafika magazetini na Bungeni, na mwezi Agosti mwaka huo akaipata. Jina lake sasa liko kwenye bamba palepale Euston. Ni haki liwepo. Hata hivyo alilipata kwa kukataliwa. Angelipokewa kama mtu mwingine yeyote, leo angekuwa mfanyakazi fulani pembeni mwa picha.

Njia ya pili ni ajali. Tarehe 4 Desemba 1957, katika ukungu mzito, treni ya mvuke iliigonga ya umeme karibu na stesheni ya St Johns, ndani ya Lewisham, daraja la juu likaanguka, watu 90 wakafa. Wapenzi wa reli wanaijua injini iliyogonga kwa namba na kwa jina: 34066, *Spitfire*. Ilitengenezwa ikarudi kazini. Miaka kumi baadaye, usiku wa tarehe 5 Novemba 1967, treni ya dizeli iliyokuwa ikitoka Hastings kwenda London iliacha njia karibu na Hither Green, na watu 49 wakapoteza maisha. Picha za siku hizo zimejaa watu: wazimamoto, wauguzi, majeruhi, jamaa waliosimama wakisubiri. Mahali palepale ambapo kamera ilizoea kungoja mpaka mtu apite, sasa ilimtafuta.

Chanzo cha ajali ya 1967 kinastahili kukaliwa kidogo. Reli ilivunjika kwenye kiungo, ufa ukiwa umeanzia kwenye tundu la boliti, na kipande cha chuma chenye umbo la pembetatu kikachomoka. Uchunguzi ulionyesha kwamba matunzo ya njia hayakutosheleza mwendo na uzito wa treni zilizopita hapo. Dizeli yenyewe, ile iliyopigwa picha kila siku, haikuwa na kosa. Kilichoshindwa kilikuwa chini yake, katika sehemu ambayo haikumvutia mtu: kiungo, boliti, kokoto, na macho ya watu wanaotembea njiani kuvikagua. Haitakuwa haki kudai kwamba wapiga picha walisababisha lolote. Ila shirika zima linaweza kuwa na macho kama yale ya kijana wa darajani, likijivunia injini mpya na mwendo mpya, huku likihesabu kazi ya njia kuwa ni kitu kinachojifanya chenyewe. Hapo kutotazamwa huacha kuwa suala la hisia za mwenye beleshi. Jamii isiyowaona watunzao hukosa habari ambayo ni wao tu walionayo.

Basi anayezitunza picha hizi leo afanye nini? Wako wanaopendekeza zitazamwe kwa mashaka tu, kama ushahidi wa dharau. Huo ni ushauri wa mtu ambaye hajakaa nazo. Uangalifu ule, wa kuandika saa ya treni ya makaa ambayo haikumhusu mwandishi kwa lolote, ni jambo adimu, na dunia haina ziada yake. Upungufu wake ni kwamba ulikomea kwenye chuma. Kinachowezekana ni kidogo na ni cha kikarani: pale penye namba ya injini, pawekwe pia mstari wa mtu, na asipojulikana iandikwe wazi kwamba jina halijulikani. Yumkini wengine wataona ni ibada tupu. Lakini "jina halijulikani" ni nafasi iliyo wazi, na nafasi iliyo wazi huweza kujazwa na binti anayeutambua mkao wa babake. Neno "mfanyakazi" halina nafasi. Linajifanya limekwisha jibu. Waliokuwa vijana katika yadi za miaka ya 1960 sasa wana miaka themanini na zaidi, kwa hiyo kazi hiyo haina muda mrefu.

Mgodi wa Betteshanger, wa mwisho katika Kent, ulifungwa mwaka 1989. Kati ya Lewisham na Hither Green treni za abiria bado hupita mchana kutwa, na za mizigo, za kokoto na mchanga badala ya makaa, bado huvutwa na dizeli. Wenye kamera bado huja kuzipiga picha. Kukagua na kutengeneza njia hufanyika zaidi usiku, treni zinapopungua, na watu waliovaa nguo za rangi ya chungwa, baadhi yao wenye lafudhi za Kinshasa, za Lagos na za Bucharest, hutembea na tochi wakichungulia viungo. Kunapokucha huwa wamekwisha kuondoka.