Je, Wema Uliosahauliwa Umepotea?

Mara nyingi twasikia watu wakinena juu ya mzee aliyepotewa na kumbukumbu: "Kumtembelea kwa nini? Jua halitatua kabla hajasahau kwamba tulikuja." Neno hili yafaa tulipime, maana latupa ruhusa ya kumwacha mtu.

Wanenao hivyo hudhani kumbukumbu ni chungu kimoja: kikivunjika, yote yamemwagika. Sivyo. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison, mtu wa miaka 27 aliyeteswa na kifafa. Alimwondolea sehemu za ubongo za ndani, kuume na kushoto. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku ile Henry hakuweza kushika habari mpya. Aliyezungumza naye, akitoka kidogo na kurudi, alikuwa mgeni kwake. Hata hivyo Brenda Milner, mtaalamu aliyemchunguza, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Siku ya tatu alichora vizuri, wala hakukumbuka kwamba alikwisha kujaribu. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenyewe asijue.

Basi ubongo una maghala mengi: moja la mambo yaliyotupata, jingine la ustadi wa viungo. Wala hayakomai pamoja. Mtoto hujifunza kutembea kabla hajaweza kuweka habari za siku zake. Nani kwetu akumbuka siku aliyosimama kwanza? Lakini miguu yetu yatembea.

Tena, mwaka 2010 wataalamu wa Iowa, huko Marekani, waliwaonyesha wagonjwa 5, wenye dhara kama la Henry, sinema za kuhuzunisha na za kufurahisha. Baada ya kitambo hawakukumbuka walichoona ila kidogo sana. Lakini huzuni na furaha zilikaa nao.

Kwa hiyo mzee aweza kulisahau jina letu, na faraja ikabaki. Lakini hata kama isingebaki, je, tungekuwa na ruhusa ya kumwacha? Mama zetu walitunyonyesha na kukesha nasi, hali wakijua hatutakumbuka. Hawakungoja tukumbuke ndipo watupende. Wahenga walinena: Tenda wema, nenda zako.

Basi tumwendee mzee leo. Na kesho akituuliza, "Ninyi ni nani?" tumwambie majina yetu tena.